Aokolewaye Baharini Ateremshwe Wapi?

Mto Rufiji hauingii baharini kwa kinywa kimoja. Ukikaribia pwani hugawanyika katika matawi mengi, na kila tawi lina jina lake na tabia yake: Simba Uranga, Kikunya, Msala, na mengine madogo yajulikanayo na wenyeji peke yao. Kati ya matawi hayo umesimama msitu wa mikoko, mkubwa kuliko wote wa namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki, wenye misinzi, mikandaa, michu na mikomafi. Miti hiyo ilitoa boriti za nyumba za pwani yote na za Uarabuni kwa karne nyingi. Maji yakijaa, vijiji huonekana kama vinaelea. Maji yakitoka, mahali palipopita mashua asubuhi hapapitiki hata kwa mtumbwi jioni. Mgeni aingiaye humo huonwa na mwenyeji muda mrefu kabla yeye hajamwona mtu.

Mahali kama hapo panafaa sana kupimia swali ambalo serikali nyingi za ulimwengu hulijibu kwa manung'uniko. Merikebu ya biashara ikiwaokoa watu baharini, na watu hao wakawa ni wakimbizi, ni nchi gani iwajibikayo kuwapokea? Aghalabu swali hili huulizwa kwa mifano ya Bahari ya Kati au ya Australia, kana kwamba pwani ya Waswahili haimo. Lakini nje ya Mafia, mashariki mwa delta, hupita merikebu ziendazo Dar es Salaam na Mombasa na zitokazo huko. Kusini mwake, ng'ambo ya Ruvuma, viko vita vya Cabo Delgado, si vile vya zamani vya ndugu kwa ndugu, bali hivi vipya vilivyozuka Oktoba 2017. Kaskazini iko Somalia, ambayo tangu mwaka 1991 imetoa wakimbizi kwa njia kavu na kwa njia ya bahari. Swali limo ndani ya maji ya Tanzania, hata kama halijagonga gati la Nyamisati kwa kishindo.

Desturi ya mabaharia imeitangulia sheria. Mtu akionekana majini hutolewa kwanza, na jina lake huulizwa baadaye, akisha kukaushwa na kunyweshwa. Merikebu ya abiria Spice Islander ilipozama nje ya Nungwi mwezi Septemba mwaka 2011, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwatoa watu baharini, pasipo kungoja amri ya mtu. Desturi hiyo ndiyo iliyotiwa katika kifungu cha 98 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Kila nchi yatakiwa imwagize nahodha wa merikebu ipeperushayo bendera yake amsaidie yeyote aliye katika hatari ya kupotea baharini, maadamu kufanya hivyo hakuhatarishi merikebu yenyewe na waliomo. Maneno hayo yanamtaja aokoaye na aokolewaye, lakini hayamtaji apokeaye.

Kiswahili chenyewe, kwa kuwa ni lugha ya watu wa pwani, kimelitambua pengo hilo zamani. Kinatofautisha kuopoa, kuokoa na kuokota. Kuopoa ni kutoa kitu majini, na mara nyingi hutumiwa kwa maiti. Kuokoa ni kuondoa hatari. Kuokota ni kukikuta kitu ambacho hakina mwenyewe karibu, na aokotaye huanza kudaiwa neno: ulikiokota wapi, na utakipeleka wapi? Nahodha wa merikebu ya biashara huanza kwa kuokoa, na kabla ya jua kuchwa hujiona ameokota. Watu aliowatoa majini hawamo katika hati zake. Chakula chake kilipimwa kwa mabaharia ishirini au thelathini. Mwenye shehena anahesabu siku, na bandari iliyo mbele inauliza maswali.

Kisa kilichojulikana zaidi ni cha merikebu Tampa ya Norway. Tarehe 26 Agosti 2001 nahodha Arne Rinnan, kwa kuombwa na Waaustralia wenyewe, aliwaokoa watu 438, wengi wao Waafghanistani, kutoka katika chombo cha mbao kilichokuwa kikizama kati ya Indonesia na Kisiwa cha Christmas. Merikebu ile ilikuwa na vifaa vya kuokolea watu kwa kiasi cha mabaharia wake tu, wasiofika thelathini. Australia, iliyoomba msaada wa kuokoa, ilikataa watu wasiteremshwe katika nchi yake, na nahodha alipokaribia pwani askari walipanda merikebuni. Mwisho waliookolewa walihamishiwa katika manowari, wakagawanywa kati ya Nauru na New Zealand. Mwaka uliofuata Rinnan, mabaharia wake na kampuni yake walipewa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Nishani ni jambo jema. Walakini haikumwambia nahodha mwingine apeleke wapi watu wake.

Ulimwengu ulikuwa umekwisha kujibu swali hili mara moja, angalau kwa muda. Baada ya mwaka 1975 Wavietnam kwa maelfu walitoka nchini mwao kwa vyombo vibovu. Merikebu za biashara ziliwaokota, na nchi za jirani hazikutaka kuwateremsha kwa hofu kwamba watabaki. Mwezi Oktoba 1978 merikebu ya Kiingereza Wellpark iliwaokoa watu 346, ikawafikisha Taiwan, na Uingereza ikakubali kuwachukua. Mwaka 1979, katika mkutano wa Geneva, palipatikana mpango ulio wazi: nchi ya pwani ikubali kuwateremsha waliookolewa, kwa ahadi kwamba nchi ya bendera, au nchi nyingine zilizojitolea, itawahamisha katika siku 90. Nahodha alipata bandari, nchi ya pwani ikapata dhamana, na mkimbizi akapata mahali pa kukanyaga. Mpango huo ulifanya kazi kwa miaka kama kumi, kisha ukakoma pamoja na haja iliyouzaa.

Udhaifu wake ulikuwa katika bendera, na hapa Tanzania haina budi kusikiliza kwa makini. Bendera ya merikebu si lazima iwe ya nchi ya mwenye merikebu. Panama na Liberia zimesajili maelfu ya vyombo visivyokuwa vyao kwa asili. Zanzibar nayo ina daftari la usajili wa merikebu za nje. Mwaka 2012 ilibainika kwamba merikebu za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kwa usajili wa Zanzibar uliopitia kwa wakala aliyekuwa Dubai, na serikali ikalazimika kuzifuta. Januari 2018 nyingine zilifutwa baada ya kukamatwa na shehena za haramu. Mambo hayo yalijadiliwa kwa upande wa vikwazo, silaha na dawa za kulevya, na ilikuwa haki yajadiliwe hivyo. Lakini hakuna aliyeuliza swali jingine. Kama chombo kimoja miongoni mwa hivyo kingewaokota watu mia mbili kati ya Libya na Malta, na Malta ikasema waende kwa mwenye bendera, je, Tanzania ingesemaje? Ada ya usajili hupokewa kwa urahisi. Wajibu uliofungwa pamoja nayo hausomwi.

Baada ya kisa cha Tampa, mikataba ya usalama wa baharini ilirekebishwa mwaka 2004, na marekebisho yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Sasa nchi iliyopewa eneo la bahari kulisimamia kwa uokoaji hubeba wajibu wa kwanza wa kuhakikisha kwamba waliookolewa wanapata mahali pa salama, na kwamba nahodha hapotezewi safari yake zaidi ya inavyolazimu. Kwa upande huu wa bahari, kituo cha uratibu kilifunguliwa Mombasa mwaka huo huo wa 2006, na Dar es Salaam pakawa na kituo kidogo chini yake. Kwa hiyo mwito wa nahodha aliye nje ya Mafia una sikio la kuusikia. Hata hivyo marekebisho yenyewe hayakusema kwamba mahali pa salama lazima pawe katika nchi ile isimamiayo. Yalisema nchi zishirikiane. Neno kushirikiana ni zuri katika mkutano, na ni zito saa nane ya usiku.

Sera ya Tanzania juu ya wakimbizi ina sifa ya ukarimu, na sifa hiyo si ya uongo. Wamakonde na ndugu zao wa Msumbiji waliokimbia vita vya ukombozi tangu mwaka 1964 walipokewa kusini, na Rutamba katika Lindi pakawa moja ya makazi yao. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi, na mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1975, unakataza mtu kurudishwa mpakani kwenye hatari, na unasema kwamba kumpa mtu hifadhi hakuhesabiki kuwa uadui kwa nchi alikotoka. Baadaye mkono ulikunjika kidogo. Machi 1995 mpaka wa Burundi ulifungwa; Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwa wingi; na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilikuwa na sura ya ukali kuliko maneno ya miaka iliyotangulia.

Mambo hayo yote yalitazama nchi kavu, na yakitazama maji, yalitazama maji ya ziwa. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijikusanya Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawafuata. Aliyewatoa kwa mamia kila safari mpaka Kigoma ni MV Liemba, mkongwe aliyeundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Katika ujana wake wa vita merikebu hiyo ilifungwa mzinga ulioopolewa katika manowari Königsberg, ile iliyojificha katika matawi ya Rufiji na kuangamia humo Julai 1915. Chuma cha delta kilipanda reli hadi Kigoma. Lakini maarifa ya Kigoma juu ya kuwateremsha wakimbizi kutoka merikebuni, kuwapima afya, kuwaandika na kuwasafirisha, hayajateremka kuja delta.

Wako waliokuja kwa bahari wakapokewa, na kisa chao chastahili kukumbukwa. Ni Wazigua wa Somalia. Babu zao walivushwa kutoka pwani ya Tanzania katika karne ya kumi na tisa, wengine kwa njaa na hila, wengine kwa minyororo, wakaishia katika bonde la mto Juba. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walipanda vyombo wakarudi kusini, wakafika Tanga wakisema Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa. Walikaa Mkuyu, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Lugha ilikuwa hati yao ya kusafiria. Ni kisa kizuri mno, na kwa sababu ni kizuri mno hakiwezi kuwa kanuni, maana mkimbizi wa kawaida hana babu wa kumdai.

Sheria ya mwaka 1998 yamtaka aombaye hifadhi ajitambulishe ndani ya siku saba tangu kuingia nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani. Mtu akikaa Dar es Salaam husoma maneno hayo akapita. Akiyasoma huku akifikiri Mbwera, Msala au Kiongoroni, atasimama. Katika vijiji hivyo hakuna ofisa wa uhamiaji mlangoni. Aliyepo ni mtendaji wa kijiji, mwenye meza moja, mhuri, na daftari la michango. Sheria imemfanya yeye kuwa mlango wa Jamhuri.

Na mlango huo ulivunjwa. Katika Kibiti, wilaya iliyotengwa na Rufiji mwaka 2016, na katika wilaya zilizo jirani, watu makumi kadhaa waliuawa kwa risasi mpaka katikati ya mwaka 2017. Tarehe 13 Aprili mwaka huo polisi wanane waliuawa kwa pamoja. Wengi wa waliouawa wasiokuwa askari walikuwa viongozi wa mahali: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, watu wa chama. Waliviziwa nyumbani, wakati wa usiku. Baadhi ya watendaji waliacha ofisi, na huenda ni nadra kupata mtu wa kuwalaumu. Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule mapigano yakaanza Mocímboa da Praia, na watafiti kadhaa wamesema kwamba baadhi ya waliofukuzwa Kibiti waliishia huko. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya katika Mtwara kilishambuliwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma.

Kwa hiyo asemaye kwamba hofu ya serikali ni kisingizio hajafika Kibiti. Hofu ile ina makaburi. Lakini yafaa kutazama ilitumiwaje. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Watu walikimbilia pwani, na kila chombo kilichokuwa karibu kikatumika: mashua za wavuvi, vyombo vya makampuni ya gesi, na merikebu Sea Star iliyochukua zaidi ya watu 1,000 hadi Pemba ya Msumbiji. Wengine walivuka Ruvuma kuja Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema mwaka huo kwamba maelfu yao, wanawake na watoto kwa sehemu kubwa, walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano, wala hawakupewa nafasi ya kuomba hifadhi. Hivyo ndivyo hofu ilivyotumika: pasipo kuuliza.

Kosa la njia hiyo si la huruma tu. Ni la akili ya ulinzi pia. Muuaji ajuaye misitu ya mikoko haji kwa merikebu ya biashara iliyotoa habari kwa redio, pamoja na majina ya watu na hesabu yao. Atapita kwa mtumbwi, kwenye tawi lisilo na jina, wakati maji yamejaa. Waliookolewa na merikebu ndio wageni wanaoonekana kuliko wote waingiao nchini: mahali walipookotwa pameandikwa, saa imeandikwa, na nahodha ni shahidi. Serikali ikitaka kumtenga mwovu na mwema, hapana mahali pepesi zaidi pa kuanzia. Kumtenga huko, hata hivyo, hakuwezekani mtu akiwa angali sitahani. Sharti ateremshwe, akae, ahojiwe kwa lugha aijuayo. Awezaye kuchuja ni yule aliyekwisha kupokea.

Tena Watanzania wenyewe wamewahi kuwa upande wa pili. Baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, zaidi ya Wapemba 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, na Kenya iliwateremsha. Wakati ule nchi iliyozoea kuhesabu wakimbizi wa wengine ilihesabiwa wa kwake. Kadhalika wapo vijana wa pwani waitwao wazamiaji, ambao hujificha katika merikebu wakitafuta Ulaya au Marekani. Si wakimbizi, lakini hukutana na mlango ule ule uliofungwa: mkataba wa Brussels wa mwaka 1957, uliokusudiwa kuamua nani awapokee, haukupata kamwe nchi za kutosha ili uanze kutumika. Mwaka 1992 mabaharia wa merikebu MC Ruby waliwaua wazamiaji wanane waliopanda Ghana, mmoja akanusurika, na hesabu ya gharama bandarini ilikuwa miongoni mwa sababu. Bandari inapomtoza nahodha kwa kumleta mtu, inamfundisha kutomleta.

Sasa na aaminike mtu mmoja wa kufikirika: nahodha wa merikebu ya makontena, mwenye bendera ya Liberia na mabaharia Wafilipino, aliyewatoa watu arobaini majini mashariki mwa Mafia, wengine wakisema Kimwani, wengine Kimakonde. Hawezi kuingia delta, kina hakimruhusu. Akiingia Dar es Salaam atangoja nangani. Jambo la busara lingekuwa chombo kidogo kiwafuate nje, kiwalete Nyamisati au Kilindoni, ambako tayari boti za abiria huenda na kurudi. Hapo pangehitajika mganga, mkalimani wa Kimakonde, ambaye hakosi kupatikana, ofisa mmoja wa wizara kutoka Dar es Salaam, na askari wa kutosha ili mtendaji wa kijiji asibaki peke yake na mhuri wake. Makambi yako Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Kuwapeleka huko katika juma la kwanza watu waliotoka kuzama ni adhabu isiyo na hukumu. Mgeni siku mbili, walisema wazee, na ya tatu mpe jembe. Lakini hawakusema jembe lenyewe liwe Nyarugusu.

Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya mwaka 2003 yaweza kuongezewa sehemu ya bahari bila kubomolewa. Isemwe humo ni gati zipi ziteremshiwe waliookolewa, ni ofisi gani itoe ruhusa na kwa saa ngapi, na kwamba nahodha hatatozwa ada ya bandari kwa sababu ya kuwaleta. Siku saba za sheria zihesabiwe tangu mtu alipokanyaga nchi kavu, wala si tangu alipoingia maji ya Tanzania akiwa hana fahamu. Kisha Tanzania iende kwa Kenya, Msumbiji, Shelisheli na Komoro na mpango wa dhamana kama ule wa mwaka 1979, ili anayeteremsha asihofu kubaki na mzigo peke yake. Zanzibar iwemo katika mazungumzo hayo kwa nafasi mbili, kama pwani na kama mwenye bendera. Gharama si kubwa ukilinganisha na ya kambi moja ya Kigoma kwa mwezi mmoja. Mpaka hapo, nahodha atakayewaokota watu nje ya Mafia ataita Dar es Salaam kwa redio, na jibu atakalolipata litategemea sana ni nani aliyekaa zamu usiku huo.